Vigurudumu Viwili Vidogo vya Baiskeli: Kazi ya Nusu Saa Nyumbani

Asubuhi ya siku ya soko, barabara ziingiazo mji wa Kitale huanza kujaa baiskeli kabla jua halijapanda. Moja imebeba madumu ya maziwa, nyingine gunia la kabichi, na nyingine mtoto wa shule aliyeketi juu ya keria akishika koti la baba yake. Miongoni mwa hizo haikosi kuwapo moja ambayo watu huisikia kabla hawajaiona. Hulia kri, kri, kri, kama panzi aliyefungiwa ndani ya kopo, na mwenyewe huikanyaga huku ameinamisha kichwa, akidhani ya kuwa uzito auhisio miguuni ni wa mzigo au wa kilima. Aghalabu sehemu ya uzito huo si ya mzigo wala ya kilima. Ni ya uchafu ulioganda katika cheni na katika vigurudumu viwili vidogo ambavyo ukubwa wa kila kimoja hauzidi sana kifuniko cha dumu la maji.

Vigurudumu hivyo vimo katika baiskeli za gia nyingi, vikining'inia nyuma, chini ya gia za gurudumu la nyuma. Kimoja kiko juu na kingine chini, na vyote viwili vimeshikwa kati ya mabamba mawili membamba ya chuma, mfano wa mkono. Kile cha juu huipeleka cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Kile cha chini huivuta cheni isilegee. Kwa kuwa viko karibu na ardhi kuliko sehemu nyingine nyingi za baiskeli, hupokea kwanza tope na vumbi, na kwa kuwa ni vidogo, husahauliwa na wenye baiskeli.

MLIMA NA TAMBARARE

Si ajabu kwamba jambo hili lahusu sana watu wa Kitale na Bungoma. Kitale umejengwa mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hali Bungoma uko katika kiasi cha mita 1,400. Ndiyo kusema, mtu atokaye Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Webuye, Kamukuywa na Kiminini hupanda kiasi cha mita 500, mbali na mabonde ya mito ayakatayo njiani. Katika tambarare za Bungoma, baiskeli nyeusi za chuma kizito ambazo watu wa Kenya wameziita Black Mamba zimefanya kazi kwa miaka mingi zikiwa na gia moja tu. Jina la boda boda lenyewe lilizaliwa pande hizo za magharibi, mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Uganda. Baada ya Serikali ya Kenya kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki ziliwachukua abiria wengi, walakini baiskeli haikufa. Bado humpeleka mwalimu shuleni, mchuuzi sokoni, na mkulima kwenye kinu cha kusaga mahindi.

Pamoja na zile za gia moja, siku hizi zaonekana baiskeli nyingi za gia, na baadhi yake ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya kisha zikaletwa kuuzwa hapa. Mtu wa Kitale huzipenda kwa sababu ya vilima. Huinunua baiskeli kwa fedha alizoziweka kidogo kidogo, huifurahia miezi michache, kisha gia zake huanza kuruka, cheni hukwama, na mwishowe fundi huombwa aondoe chombo chote kibadilishacho gia na kuifunga cheni kwenye gia moja. Hivyo mtu amelipa fedha za gia nyingi, lakini apanda kilima kwa moja. Hasara hiyo ingaliweza kuzuiliwa kwa mswaki wa zamani, kitambaa na mafuta kidogo.

CHOMBO HIKI KILITOKA WAPI

Zamani, hata mabingwa wa mashindano hawakuwa na chombo hiki. Katika mashindano makubwa ya Ufaransa yaitwayo Tour de France, mpanda baiskeli alipofika chini ya mlima alishuka, akalifungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie gia nyepesi iliyokuwa upande wa pili, kisha akapanda tena na kuendelea. Wasimamizi wa mashindano hayo hawakuruhusu vyombo vya kubadilisha gia njiani mpaka mwaka 1937. Cheni yenyewe ni ya zamani zaidi. Hans Renold, mhandisi aliyefanya kazi katika mji wa Manchester huko Uingereza, ndiye aliyetengeneza mwaka 1880 ile cheni yenye vijiti na vibomba vidogo vizungukavyo, ambayo umbo lake latumika hata leo. Yafaa kulikumbuka umbo hilo, kwa maana msuguano mkubwa wa cheni hutokea ndani ya vibomba hivyo, mahali pasipoonekana, wala si nje panapong'aa.

HESABU KIDOGO

Watu wengi hudhani ya kuwa vigurudumu vidogo hufanya kazi ndogo. Hesabu yaonyesha kinyume chake. Chukua baiskeli ambayo gia yake ya mbele ina meno 44 na kigurudumu chake kidogo kina meno 11. Pedali zikizunguka mara moja, viungo 44 vya cheni hupita, na kigurudumu hulazimika kuzunguka mara 4. Ikiwa gia ya nyuma itumikayo ina meno 22, gurudumu kubwa huzunguka mara 2, na baiskeli yenye magurudumu ya inchi 26 husogea mbele kiasi cha mita 4. Kwa hiyo, katika kilomita moja kigurudumu kidogo huzunguka karibu mara 1,000. Mwalimu akaaye kilomita 10 mbali na shule yake, akienda na kurudi, hukizungusha kiasi cha mara 20,000 kwa siku moja.

Sasa fikiria ya kuwa katikati ya kigurudumu hicho mna mchanga badala ya mafuta. Mchanga na mafuta machafu vikichanganyika huwa kama jiwe la kunolea. Kila mzunguko hula chuma kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Meno hupungua, tundu la katikati hupanuka, kigurudumu huyumba, na cheni haijui tena iende gia ipi.

DALILI ZA UCHAFU

Dalili ni nne, na kila mwenye baiskeli aweza kuzitambua bila fundi. Ya kwanza ni mlio wa kukwaruza usikikao hata pasipo mzigo. Ya pili ni gia kuruka au kukawia kuingia. Ya tatu ni pete nyeusi ya uchafu ulioshikana kandokando ya vigurudumu, kati ya meno na mabamba. Ya nne huonekana baiskeli ikigeuzwa juu chini na pedali zikizungushwa nyuma polepole kwa mkono: vigurudumu husita, au kimoja hakizunguki kabisa na cheni hupita juu yake ikiburura.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

Havihitajiwi vifaa vya gharama. Mswaki wa zamani, vitambaa viwili, kijiti chembamba cha mti au cha mwanzi, kopo pana la chini, mafuta ya taa kidogo yasiyozidi nusu kikombe, grisi kiasi cha ncha ya kidole, na mafuta mepesi kama yale ya cherehani. Kwa kufungua vigurudumu chahitajiwa kile kichuma kilichopindwa chenye pembe sita, mara nyingi cha milimita 3, ambacho huuzwa katika maduka ya vipuri vya baiskeli.

Petroli isitumiwe hata kidogo, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi. Hata mafuta ya taa yatumiwe nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Tena yasitiwe kamwe katika chupa ya soda wala kikombe cha kunywea. Watoto wengi wamedhurika kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji, na hakuna baiskeli yenye thamani ya mtoto.

KUSAFISHA BILA KUFUNGUA

Hii ndiyo kazi ya kila juma wakati wa mvua, na kila baada ya majuma mawili wakati wa kiangazi. Haichukui zaidi ya dakika kumi.

Mwenye baiskeli aiweke cheni katika gia ndogo kabisa ya nyuma, ili mkono ule ulegee. Kisha aigeuze baiskeli juu chini, isimame kwa usukani na kiti. Ashike kijiti na kukigusisha ubavuni mwa kigurudumu cha juu, huku mkono wa pili ukizungusha pedali nyuma polepole. Ule uchafu mweusi utatoka kama ganda la mti. Afanye vivyo hivyo kila upande, kisha kigurudumu cha chini. Kijiti cha mti chafaa kuliko bisibisi, kwa kuwa vigurudumu vingi ni vya plastiki, na chuma huvikwaruza.

Uchafu mkubwa ukiisha kutoka, asugue meno kwa mswaki uliochovywa katika mafuta ya taa na kukung'utwa, kisha afute kwa kitambaa. Vidole vikae mbali na mahali cheni iingiapo katika meno, maana cheni haina huruma. Mwisho aizungushe cheni yote ndani ya kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi mzito.

KUFUNGUA VIGURUDUMU

Kazi hii yatosha mara moja katika miezi mitatu, na tena mvua kubwa zikiisha. Yataka nusu saa, mahali penye mwanga, na moyo usio na haraka.

Kwanza, kabla ya kufungua, mtu aitazame njia ya cheni. Ikitoka katika gia za nyuma, hupita mbele ya kigurudumu cha juu, kisha nyuma ya kigurudumu cha chini, ndipo huelekea gia ya mbele. Mwenye simu yenye kamera apige picha. Asiye nayo achore katika karatasi. Wengi huona kuchora kuwa jambo la watoto, kisha huketi saa nzima wakijiuliza kila kitu kilikuwa wapi.

Pili, afungue bolti ya kigurudumu cha chini, akitoe pamoja na vifuniko vyake vidogo vya pande mbili. Kisha afungue ile ya juu, na bamba la nje litatoka. Cheni haina haja ya kukatwa. Vigurudumu viwili visichanganywe, kwa sababu katika baiskeli nyingi si sawa: kile cha juu huachwa kicheze kidogo kushoto na kulia ili kuitafuta gia, na kucheza huko si ubovu. Kigurudumu chenye mshale lazima kirudishwe kikielekea upande ule ule wa mshale.

Tatu, atazame katikati ya kila kigurudumu. Katika baiskeli nyingi za bei nafuu atakuta bushi, yaani kibomba kifupi kilichopita ndani ya tundu. Hicho kitolewe, kioshwe kwa mafuta ya taa pamoja na kigurudumu na vifuniko, kisha vyote vikaushwe kabisa. Katika baiskeli za bei kubwa zaidi huenda akakuta gololi zilizofunikwa. Hizo zisizamishwe katika mafuta ya taa, kwa kuwa yataingia ndani na kuiondoa grisi iliyotiwa na kiwanda. Zifutwe kwa kitambaa tu.

Nne, atazame meno. Meno mazima yana vichwa bapa kidogo. Yakiwa yamechongoka kama miiba, kigurudumu kimekwisha kazi yake, wala hakuna kusafisha kutakakokirudisha. Kinunuliwe kingine chenye idadi ile ile ya meno.

Tano, apake bushi grisi nyembamba, arudishe vifuniko, aanze na kigurudumu cha juu, apitishe cheni kama ilivyochorwa, kisha afunge cha chini. Hapa pana kosa ambalo huwapata hata mafundi: ndani ya mabamba ya baadhi ya baiskeli mna kijino cha chuma cha kuizuia cheni isitoke, na mtu huipitisha cheni upande usiofaa wa kijino hicho. Baiskeli itakwenda, lakini itakwaruza na kuila cheni. Kwa hiyo azungushe pedali nyuma taratibu na kuhakikisha ya kuwa cheni haigusi chuma chochote ila meno ya gia na ya vigurudumu.

Bolti zikazwe imara, lakini si kwa nguvu zote za mkono, maana ni ndogo na uzi wake huharibika. Hata hivyo, kuziacha zikiwa zimelegea ni hatari zaidi. Bolti ilegeayo hutoka njiani kwa mtikiso wa mawe. Mkono hufunguka, cheni hukwama, na chombo chote huweza kuvutwa ndani ya spoki za gurudumu la nyuma. Baiskeli iliyotoka nyumbani nzima husukumwa hadi mjini, na maziwa yaliyotakiwa kufika saa moja hufika saa nne yamekwisha kuchacha. Mchuuzi hupoteza mauzo ya siku hiyo, na pengine mnunuzi wa kila siku. Ndiyo maana kuzijaribu bolti hizo mbili mara moja kwa juma ni sehemu ya kazi, si hiari.

MAFUTA MENGI SI DAWA

Katika jambo la mafuta watu wengi hukosea kwa ukarimu. Huimiminia cheni oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari, wakifurahi kwamba imepatikana bure. Oili hiyo ina masizi na chembe za chuma, nayo haifai kwa ngozi ya mtu. Wengine hutumia mafuta ya kupikia, ambayo baada ya siku chache huwa kama gundi. Wengine hupaka grisi nje ya cheni, na katika vumbi la barabara za murram grisi hiyo huwa mtego wa kukusanya mchanga.

Njia iliyo sawa ni kutia tone moja la mafuta mepesi juu ya kila kibomba cha cheni, kuzungusha pedali nyuma kwa dakika moja au mbili ili mafuta yaingie ndani, kungoja kidogo, kisha kufuta cheni kwa nje mpaka iwe karibu kavu. Mafuta yanayofaa kitu ni yale yaliyomo ndani. Vigurudumu vidogo havihitaji mafuta juu ya meno yao. Yale yatokayo katika cheni yatosha. Wakati wa mvua, mafuta mazito kidogo hukaa zaidi bila kuoshwa na maji, na wakati wa jua la Desemba hadi Februari yafaa yaliyo mepesi.

RULA YA SHULE YAWA KIPIMO

Cheni iliyochakaa huwala wenzake: gia na vigurudumu. Kuipima hakuhitaji chombo maalumu. Rula ya mtoto wa shule yenye inchi 12 yatosha. Iwekwe alama ya sifuri katikati ya kijiti kimoja cha cheni iliyovutwa, kisha vihesabiwe vijiti 24 kuanzia kile kinachofuata. Katika cheni mpya, katikati ya kijiti cha 24 huangukia inchi 12 kamili. Kikipita alama hiyo kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, ni wakati wa kununua cheni mpya. Kikipita kwa sehemu ya nane ya inchi, yaelekea gia za nyuma nazo zimeharibika, na mwenye baiskeli atanunua vyote viwili badala ya kimoja. Hapo ndipo usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta huonekana kwa macho na kwa shilingi.

KWA MWENYE GIA MOJA

Mwenye Black Mamba asidhani ya kuwa maneno haya hayamhusu. Baiskeli yake haina vigurudumu hivyo viwili, lakini cheni yake husafishwa, hutiwa mafuta na kupimwa kwa njia ile ile. Kwa kuwa hana kigurudumu cha kuivuta cheni, yampasa kuitazama ikae sawa: katikati, kati ya gia ya mbele na ya nyuma, ichezecheze juu na chini kiasi cha nusu inchi. Ikilegea zaidi huchomoka, na kuchomoka kwa cheni huku abiria yuko nyuma na lori laja si jambo dogo. Ikikazwa mno huila gololi za pedali na za gurudumu.

BAADA YA KAZI

Mafuta ya taa yaliyotumika yasimwagwe katika shamba la sukuma wiki wala katika kijito. Yaachwe katika kopo lililofunikwa, mahali pa juu watoto wasipofika. Baada ya siku moja au mbili uchafu hutuama chini, na yale ya juu hutumika tena kwa kazi hiyo hiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Fundi bado ana kazi yake. Mkono uliopinda, uzi wa bolti ulioharibika na gia zisizokubali kuingia hata baada ya usafi ni mambo ya kumpelekea yeye, wala si ya kugongwa kwa nyundo nyumbani. Lakini fundi aletewaye baiskeli safi huuona ubovu mara moja, na malipo yake huwa ya ubovu huo tu, si ya kukwangua matope.

Katika nyumba nyingi Jumamosi alasiri viatu vya shule hupakwa rangi na sare hupigwa pasi kwa ajili ya juma lijalo. Baiskeli nayo yastahili nusu saa yake wakati huo huo, uani, pamoja na mtoto wa kushika mswaki na kuhesabu vijiti vya cheni kwa rula yake mwenyewe. Siku moja baiskeli itakuwa yake, na atakuwa amejua tangu utoto mahali pa kutazama kwanza inapoanza kulia.